Kati ya Saa Moja na Saa Mbili

Mdogo wangu wanamwita Dakika, na jina hilo alipewa na marehemu baba kwa hasira. Alikuwa na miaka saba. Baba anarudi kutoka kazini, hajavua hata viatu, mtoto huyo mlangoni: "Baba, leo umechelewa dakika kumi na nne." Kofi likalia. Kesho yake, shavu bado limevimba, yuko pale pale: "Baba, leo ni dakika sita tu." Baba akaishiwa nguvu, akacheka hadi akakaa chini, na tangu siku hiyo jina la shuleni tukalisahau.

Mimi ni dada yake, nampita miaka tisa. Nimemlea, nimemchapa, nimemfuta kamasi. Kwa hiyo nikimsema vibaya hapa, mtu asidhani naye amepata ruhusa. Haki ya kumtukana Dakika ni yangu peke yangu, na ukiichukua nitakuvunja meno.

Mume niliyekuwa naye alikuwa fundi wa malori. Nitamwita Makanika, maana jina lake halistahili kupita kinywani mwangu. Alinipiga miaka sita. Alinipiga kwa mkanda, kwa ndara, kwa mfuniko wa sufuria, na siku ya mwisho alinipiga ngumi hadi taya likavunjika mahali pawili, nikala kwa mrija majuma matano. Sababu ilikuwa chai ya moto. Juma lililotangulia sababu ilikuwa chai ya baridi. Wahenga walisema akufukuzaye hakuambii toka, lakini huyu wangu hakutaka nitoke. Alitaka nikae ili apate wa kupiga.

Nikamshtaki. Hakimu akasema magereza yamejaa, akamvika bangili ya mguuni. Ilikuwa plastiki nyeusi, nene kama kidole gumba, na nyumbani kwake kikawekwa kisanduku chenye taa. Taa ikiwa nyekundu, haruhusiwi kutoka. Akitoka, kengele inalia kwenye chumba cha uangalizi, na simu yangu inalia papo hapo. Taa ikiwa ya kijani, yuko huru. Ruhusa yake ilikuwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, aende karakana akatafute riziki. Siku ya hukumu alinipita kwenye korido ya mahakama, akapunguza mwendo, akaninong'oneza kwa sauti ileile aliyokuwa akiniombea chumvi mezani: "Siku watakaponisahau hata kidogo, nakumaliza."

Nilimwamini. Mtu akikuahidi kitu kwa miaka sita na kila mara akatimiza, utaachaje kumwamini?

Sasa sikiliza hesabu yangu. Mimi ni dobi wa hospitali, napiga pasi mashuka. Nikishaingia getini kuna mlinzi na mlango wa chuma, hanipati. Jioni natoka saa kumi na moja na nusu, naye kesharudishwa kwenye taa nyekundu. Asubuhi natoka kwangu saa moja, nafika saa mbili kasorobo. Kwa hiyo uhai wangu wote ulikaa kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Nikiwa barabarani, yeye awe ndani. Basi. Sikuomba kitu kingine.

Na programu ya zile bangili aliiandika nani? Dakika. Kampuni yao ilikuwa ndogo, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, na yeye ndiye aliyeandika sehemu yote ya saa. Alikuja kwangu jioni ya hukumu, akakaa jikoni, akanishika mkono. "Dada, saa zake nimeziingiza mwenyewe. Lala usingizi." Nililala usiku ule bila kuweka kiti nyuma ya mlango, mara ya kwanza kwa miaka.

Lazima nieleze amri ya Dakika, maana ndiyo iliyotaka kuniua. Kwetu saa husogezwa mara mbili kwa mwaka: miezi ya jua zinapelekwa mbele saa nzima, miezi ya baridi zinarudishwa nyuma. Watu wa kompyuta jambo hili linawatia wazimu. Kwa hiyo wana saa yao moja, wanaiita saa ya dunia, ambayo haiyumbi kiangazi wala kipupwe. Kila mahali panachukua saa hiyo na kujumlisha chake. Sisi miezi ya jua tunajumlisha masaa matatu, miezi ya baridi mawili. Dakika aliipenda saa ya dunia kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kumleta nyumbani, na aliwaleta wawili tu. Aliandika ukutani ofisini kwa herufi kubwa: KILA KITU KWA SAA YA DUNIA. Mwenzake akiingiza saa ya ukutani kwenye programu, Dakika hamsalimii siku tatu.

Na kwa mambo yaliyopita ni amri safi kabisa. Mtu alitoka lini, alirudi lini, kengele ililia lini, hapo saa ya dunia haikosei. Lakini ruhusa ya kesho haijapita. Hakimu aliposema saa mbili, alisema ile ya ukutani mwa mahakama. Dakika akaichukua saa mbili hiyo, na kwa kuwa ilikuwa miezi ya jua akatoa masaa matatu, akapata saa kumi na moja alfajiri ya dunia, akaiandika, akaifunga. Angekuwa mjinga asiyejua saa ya dunia ni nini, nisingekatwa vidole. Ujuzi wake ndio ulionikata.

Jumapili saa zikarudishwa nyuma. Jumatatu saa kumi kamili jioni, nikiwa na pasi mkononi, simu ikalia ule mlio wake. Niliitupa pasi. Nilijibana nyuma ya mashine ya kufulia, nimeshika mkasi wa kukatia nyuzi, wenzangu wananiita. Baada ya dakika kumi nikapigiwa na mama wa zamu wa chumba cha uangalizi: "Dada, pole sana. Yuko karakana, anafanya kazi yake. Ni hitilafu tu."

Nikampigia Dakika nikimtukana. "Tulia, Dada," akasema. "Kengele ya uongo. Saa zimesogea, na mashine inamfungia saa kumi badala ya kumi na moja. Naizima kengele ya saa hiyo sasa hivi, kesho nitaikalia vizuri."

Akaizima. Akaenda nyumbani, akala, akalala. Nimemuuliza mara mia: hukuona? Mlango ukifungwa saa nzima mapema, je, haufunguki saa nzima mapema? Anasema alikuwa na kazi nyingine tisa mezani, watu wanapiga simu wakilalamika kengele, na yeye akatibu kilichokuwa kinapiga kelele. Ubaya wa asubuhi haukupiga kelele yoyote.

Lakini Makanika aliuona. Polisi walikuwa wamemfuata karakana, wakampigia makelele, halafu wakaomba radhi. Hakukasirika. Alieleza mwenyewe mahakamani baadaye, anajisifu, hana hata mshipa wa aibu: alikaa juu ya tairi, akahesabu kwa vidole vyenye grisi, akacheka. Jumanne asubuhi alivaa viatu, akachukua spana ya magurudumu, akakaa mbele ya kisanduku. Saa moja kamili, taa ikageuka kijani.

Mimi nilikuwa nafunga mlango wangu wakati huo huo.

Njiani kuna ukuta mrefu wa ghala la saruji, hauna dirisha wala mlango mpaka mwisho. Nilikuwa katikati yake nilipomwona anatoka nyuma ya lori lililoegeshwa. "Habari za asubuhi, mke wangu." Unajua nilifanya nini? Sikukimbia. Niliangalia simu. Wallahi, niliinamisha kichwa nikaangalia simu, na simu imenyamaza, na kwa sekunde mbili nzima nilidhani macho yangu ndiyo yanakosea. Niliiamini mashine ya mdogo wangu kuliko macho yangu.

Pigo la kwanza lilivunja mtulinga. Niliusikia unavunjika kabla sijasikia maumivu. La pili nililikinga kwa mkono wa kushoto, nikaanguka, naye akaukanyaga mkono ule kwenye ukingo wa barabara, akapiga vidole, si mara moja, anapiga na kuhesabu, "Hiki cha polisi. Hiki cha hakimu. Hiki cha bangili." Nilimng'ata mguu juu ya ile bangili hadi damu yake ikanijaa mdomoni. Akanipiga teke la mbavu, nikamwachia. Nikamrushia chupa ya chai, ikampasukia usoni, na huo ndio wakati pekee asubuhi ile nilipofurahi.

Simu yangu ikaanza kulia chini. Haikuwa kengele. Ilikuwa Dakika. Alikuwa anapiga mswaki akiangalia saa ya bafuni, ndipo akili ikamrudia, akapiga simu na povu mdomoni. Makanika akainama, akaiokota, akapokea. Damu na chai vilikuwa vinamchuruzika kidevuni. Akasema taratibu, "Umechelewa, shemeji," akaivunjia ukutani.

Akanyanyua spana kwa mikono miwili. Nisingekuwa hapa nasimulia kama wapakiaji wanne wa saruji wasingetokea mwisho wa ukuta, weupe kwa vumbi toka kichwani hadi miguuni. Mmoja alimpiga kwa koleo mgongoni. Wengine walimpiga kwa walichokuwa nacho, na kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mimi nikiwa pale chini nikawaambia waongeze.

Nikalazwa hospitali ileile, juu ya shuka nililolipiga pasi Jumatatu mwenyewe. Nililijua kwa alama ya kuungua pembeni, pale nilipotupa pasi. Vidole vitatu walikuwa wameshavikata. Mbavu nne, mtulinga, sikio la kushoto likivuma tu. Saa kumi na moja jioni Dakika akaingia. Alikuwa na shati la kulalia chini ya koti. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka paji la uso kwenye godoro, akalia kwa sauti, mwanamume wa miaka thelathini na moja.

"Nimekuua, Dada. Nimekuua."

"Sijafa. Inuka."

Hakuinuka. Akanieleza yote, saa ya dunia, amri yake, hesabu yake, huku anajigonga kichwa kwenye chuma cha kitanda. Nilikuwa namchukia. Nasema wazi: wakati ule nilimchukia kuliko Makanika, kwa sababu Makanika hakuwahi kuniambia nilale usingizi.

Halafu kitu kikanijia. "Hizo bangili ziko ngapi?"

"Nini?"

"Wanawake kama mimi. Wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Umezirekebisha?"

Akatikisa kichwa. Bosi wake amekataza mtu kugusa chochote mpaka mawakili wa kampuni waje Alhamisi, maana kugusa ni kukiri kosa. Kadi yake ya mlango imezimwa. Polisi wamemwambia aandike barua. Na redio, akasema huku anafuta kamasi kwa mkono wa koti, redio ya mchana imeshatangaza kwamba bangili zinafungua saa nzima mapema.

"Kwa hiyo waume thelathini na mmoja wamesikia," nikasema. "Na kesho saa moja asubuhi taa zote kijani. Na wewe uko hapa unalialia kwenye shuka langu?"

"Dada, nifanye nini?"

Kando yangu kulikuwa na beseni la chuma la kutapikia. Nililirusha kwa mkono mzima uliobaki, kwa nguvu zote, mbavu zikanichoma hadi nikaona giza. Lilimpata juu ya jicho, nyusi ikapasuka. "Ebo! Unaniuliza mimi? Nenda! Vunja mlango! Ukirudi hapa bila kuzirekebisha, mimi si dada yako, na wewe huna dada!"

Akaenda, damu inamtiririka. Nesi akaja kunigombeza kuhusu beseni.

Huyu Dakika hajawahi kupigana. Utotoni walimnyang'anya madaftari, mimi ndiye niliyekwenda kuyadai. Jioni ile alipanda ngazi za kampuni, akakuta mlango wa kioo umefungwa, bosi yuko ndani anazungumza na simu. Akaugonga kwa adabu. Bosi akampungia mkono aondoke. Dakika akashuka ghorofa moja, akang'oa mtungi wa kuzimia moto, akapanda nao, na kioo chote kikaanguka ndani. Bosi akamkamata shingo. Dakika akamtandika mtungi usoni. Pua ikavunjika, meno mawili yakatoka, na mtu mzima yule mwenye tai akaanza kutambaa kwenye vioo akiita mama yake. Nikisikia habari hiyo hadi leo roho yangu inapoa, na najua si vizuri.

Akajifungia chumba cha ndani, akasukuma kabati la mafaili nyuma ya mlango. Kisha akaifuta amri yake mwenyewe. Kila ruhusa akaiandika kama hakimu alivyotamka: saa mbili, ya ukutani, ya mji huu. Mashine yenyewe iwe inauliza kila siku, leo katika mji huu tunajumlisha ngapi, ndipo ifungue. Thelathini na moja, moja baada ya nyingine, anasoma kwa sauti, anarudia kusoma, huku walinzi wanapiga mateke mlango na kabati linasogea. Polisi walipoingia alikuwa kwenye ya thelathini na moja. Akasema, "Naomba dakika mbili." Wakampa virungu. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa bado kwenye kibodi, na alimaliza.

Jumatano saa moja na dakika tisa asubuhi kengele moja ililia. Mwanamume mmoja aliyeiamini redio, asiitazame taa, alikuwa ametoka na nyundo ndani ya mfuko wa mkate. Polisi walimkuta hatua ishirini kutoka mlango wa mkewe. Mwanamke huyo simjui, na yeye hanijui. Niliambiwa na nesi, nikageukia ukutani nikalia, na sikuwa nimelia bado hata kwa vidole vyangu.

Makanika alipewa miaka kumi na minne. Magereza yalipata nafasi ghafla. Dakika alifukuzwa kazi, akashtakiwa kwa kuvunja na kujeruhi, akapelekwa mbele ya hakimu yuleyule. Hakimu akasikiliza, akavua miwani, akasema sheria ni sheria: miezi minane, nje ya gereza, kwa bangili.

"Unahitaji kutoka saa ngapi kwenda kazini?" akamuuliza.

"Saa moja asubuhi, mheshimiwa."

"Huna kazi."

"Nina kazi ya kumsindikiza dada yangu."

Watu wakacheka mle ndani. Mimi sikucheka. Hakimu akaandika saa moja.

Kwa hiyo kisanduku sasa kiko jikoni kwangu, na Dakika analala kwenye kochi, anakula mkate wangu wote. Nimemsamehe? Kuna siku namwona amekaa ananyoosha mguu wenye bangili, na vidole nisivyokuwa navyo vinaniuma, natamani lile beseni. Kuna siku namkatia kipande kikubwa cha nyama. Majuto ni mjukuu, na huyu wa kwake amehamia naye.

Jumapili iliyopita saa zilipelekwa mbele. Usiku wote nilisikia kochi linalia, anageuka huku na huku. Jumatatu asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya kisanduku, amefunga kamba za viatu, macho yake kwenye taa nyekundu. Na mimi nikasimama. Nikaitazama saa ya ukutani. Mshale ukafika saa moja. Taa ikageuka kijani papo hapo. Akatoa pumzi, akachukua mkoba wangu. "Twende, Dada."

Siku hizi mashuka nayakunja tu, pasi inahitaji mikono miwili. Njia ni ileile, maana nyingine hakuna. Tukifika kwenye ukuta wa ghala la saruji miguu yangu inagoma. Kila siku, pale pale, inagoma kabisa, na mimi nabaki nimeshika ukuta kwa mkono mzima nahema. Yeye anasimama upande wa barabara, kati yangu na malori. Siku nyingine tunachelewa robo saa nzima. Hajawahi kuniambia.